Jim Corbett: Mwindaji Aliyesikia Kabla ya Kuona

Katika ua wa Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro mjini Nyeri kuna makaburi mawili ambayo wageni kutoka ng'ambo huyazuru. La kwanza ni la Baden-Powell, mwasisi wa chama cha maskauti, aliyefariki mwaka wa 1941. La pili, lililo hatua chache tu kutoka hapo, ni la mtu ambaye wanafunzi wetu wengi hawajapata kulisikia jina lake. Nilipolipeleka kundi la wanafunzi wangu wa isimu huko, walilipiga picha kaburi la kwanza kwa simu zao, wakalipita la pili bila kugeuza shingo. Nikawarudisha. Nikawaambia kwamba aliyelala pale, Edward James Corbett, maarufu kwa jina la Jim, ni miongoni mwa watu wachache waliopata kuisoma na kuiandikia vitabu lugha isiyo na alfabeti.

Binti mmoja miongoni mwao, mwenye ulimi mkali na akili kali zaidi, akaniuliza imekuwaje mwalimu wa lugha awaongoze hadi kwenye kaburi la mwindaji wa Kizungu aliyekuja kupumzika katika nchi ya babu zake wakati babu zake hao wakipokonywa pumzi. Sikumjibu papo hapo. Swali lake lilistahiki jibu refu kuliko lile liwezalo kutolewa kando ya kaburi, nami naliandika jibu hilo leo kwa faida ya walimu na wanafunzi wengine ambao yamkini wangeliuliza swali lilo hilo.

Corbett alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 katika mji wa Naini Tal, uliojengwa kando ya ziwa katika milima ya Kumaon, chini ya safu kuu ya Himalaya, kaskazini mwa India. Babake alikuwa mkuu wa posta mjini humo. Mzee huyo alifariki mwaka wa 1881, Jim akiwa hajatimiza miaka sita, na mamake Mary Jane akabaki na watoto wengi na mapato haba. Wakati wa joto familia iliishi mlimani. Majira ya baridi yakifika ilishuka hadi Kaladhungi, kijiji kilichopakana na misitu minene iliyo kwenye vitako vya milima hiyo. Wazungu waliozaliwa India, wasio na mali wala cheo, hawakuhesabiwa kuwa sawa na wale waliotumwa kutoka Uingereza kuja kutawala. Walikuwa juu ya wenyeji lakini chini ya wakubwa, na nafasi hiyo ya katikati ndiyo iliyompa Jim mdogo uhuru wa kuzurura msituni na kuchanganyika na wakulima, watumishi na wachungaji.

Kwa hivyo alikua akizungumza lugha za mahali hapo kama mzaliwa, na maisha yake yote wanakijiji walimzungumzia pasi na mkalimani. Wao nao walilichukua jina lake wakalifinyanga kulingana na matamshi yao, likawa Carpet Sahib. Sisi wanaisimu hulifurahia jambo kama hilo. Jina la kigeni linapokaribishwa katika vinywa vya wenyeji huvua viatu mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, na mgeni aliyekwisha kuvua viatu si mgeni kabisa.

Hapana budi niseme kidogo kuhusu majina ya wanyama watakaotajwa humu. Mnyama mkubwa mwenye milia, mfalme wa misitu ya India, hapatikani katika misitu ya Afrika. Ndiyo maana Kiswahili hakikuwa na neno la asili la kumwita, kikaunda jina chui milia kwa kumtazama kwa jicho la chui tunayemjua. Mawindo yake makuu katika milima ya Kumaon ni wanyama wa jamii ya ayala: chital mwenye madoadoa meupe, sambar aliye mkubwa na mwenye rangi ya kahawia, na kakar, mnyama mdogo abwekaye mithili ya mbwa. Juu ya miti huishi langur, tumbili wa kijivu mwenye uso mweusi na mkia mrefu. Ardhini wamo tausi na kuku wa porini.

Wanyama hawa wote wana sauti mahsusi za kuonyana. Langur aliye juu mtini humwona chui kabla ya wengine, akakohoa kwa nguvu. Chital walioko chini wakisikia, huinua vichwa na kuacha kula. Chital akimwona adui mwenyewe, humkabili uso kwa uso, akapiga chini kwato za mbele na kutoa mlio mwembamba. Sambar hatishiki ovyo, kwa hiyo wazoefu wa misitu hiyo huuamini mlio wake kuliko milio mingine. Kakar hubweka bila kukoma. Mtoto Corbett alijifunza milio hii mmoja mmoja, kisha akajifunza jambo gumu zaidi, nalo ni kuiunganisha. Sauti moja ni neno tu. Sauti tatu zinazofuatana, kutoka pande tatu za bonde, ni sentensi kamili: zinaeleza kwamba mnyama mla nyama anatembea, anaelekea upande fulani, na hajajificha. Sauti zikikoma ghafla, huenda amelala au ameingia kichakani. Kimya nacho kina maana, kama vile kituo kilivyo na maana katika maandishi.

Tuwafundishapo wanafunzi wetu nadharia ya ishara, twawaambia kwamba hakuna ishara ijitoshelezayo. Kila moja hupata maana kutokana na mahali ilipo na zile zinazoizunguka. Corbett hakuwahi kusoma nadharia hiyo, lakini aliishi kwayo, na katika shule yake aliyekosa jibu hakupewa alama ya msalaba mwekundu. Aliliwa.

Yafaa tusisahau waliomfundisha. Kaka yake Tom alimpa masomo ya kwanza ya uwindaji. Lakini mmoja wa walimu wake wakuu alikuwa Kunwar Singh, mzee wa kijiji jirani na Kaladhungi, aliyesifika kuwa mwindaji haramu hodari kuliko wote wa sehemu zile. Corbett mwenyewe alikiri deni hilo katika maandishi yake, akampa mzee huyo sura nzima ya kitabu. Ni wachache, miongoni mwa Wazungu wa zama zake walioandika kuhusu misitu ya makoloni, waliowataja wenyeji kama walimu. Wengi waliwataja kama wapagazi.

Akiwa kijana wa karibu miaka 18 alikwenda kufanya kazi katika shirika la reli. Baadaye alichukua mkataba wa kuvusha mizigo ya reli katika kivuko cha Mokameh, kwenye mto Ganges, na hapo akakaa zaidi ya miaka ishirini akifanya kazi bega kwa bega na wachukuzi maskini. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikusanya watu 500 kutoka Kumaon akaenda nao Ufaransa. Hata hivyo, sifa iliyomtangulia kila mahali ilitokana na yale aliyoyafanya wakati wa likizo zake, alipokuwa akiitwa kuwaua wanyama waliogeuka kuwa wala watu.

Wa kwanza alikuwa chui milia jike wa Champawat, aliyeuawa mwaka wa 1907 baada ya kusemekana kwamba alikuwa amewaua watu 436 katika nchi ya Nepal na katika wilaya ya Kumaon. Mwaka wa 1926 alimuua chui wa Rudraprayag, aliyewaua watu 125 katika muda wa miaka minane kwenye njia wapitayo mahujaji wa Kihindu waendao Kedarnath na Badrinath. Kabla ya kuanza kazi ya namna hiyo alitoa masharti mawili: kwamba zawadi yoyote ya fedha iliyotangazwa iondolewe, na kwamba wawindaji wengine waondoke msituni. Hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wauao kwa ujira, wala hakutaka kupigwa risasi kwa bahati mbaya.

Linalostahili kukumbukwa zaidi ni kwamba kila alipomuua mnyama kama huyo, aliuchunguza mzoga ili ajue sababu. Jike wa Champawat alikuwa na meno mawili makubwa yaliyovunjika upande wa kulia, kwa risasi ya mwindaji aliyemjeruhi kisha akamwacha. Wengine walikuwa na miiba ya nungu iliyozama miguuni. Kuhusu chui wa milimani, Corbett aliona kwamba magonjwa ya kuambukiza, kama homa kuu ya mwaka wa 1918, yaliwafanya watu waliozidiwa na vifo kuitupa miili ya ndugu zao mabondeni bila kuichoma ipasavyo, nao chui wakazoea nyama ya binadamu. Kwa maneno mengine, aghalabu mla watu alikuwa mnyama aliyelemazwa au aliyefunzwa na mwanadamu. Mwindaji alikuja kuufunga mlango uliokuwa umefunguliwa na wanadamu wenziwe.

Sasa tufike kwenye kamera. Katika miaka ya 1920, afisa wa misitu aitwaye F. W. Champion alikuwa akifanya kazi katika misitu hiyo ya chini ya Himalaya. Champion hakupenda kuua. Alibuni njia ya kutandaza waya katika vijia vya wanyama, ili mnyama aukanyagapo usiku, taa ilipuke na kamera ijipige yenyewe. Kwa njia hiyo alipata picha za chui milia huru katika makao yao, akazichapisha mwaka wa 1927 katika kitabu chake cha kwanza. Corbett alipoziona picha hizo aliguswa mno. Ngozi ya mnyama, hata ikitunzwa vipi, huliwa na wadudu na kupoteza nywele, na huwafurahisha watu wa nyumba moja tu. Picha haichakai machoni, huwafurahisha wote waionao, na mnyama mwenyewe hubaki akinguruma mlimani. Tangu hapo, kwa muda wa takriban miaka kumi, Corbett aliwinda zaidi kwa kamera ya sinema ya milimita 16 kuliko kwa bunduki, ijapokuwa hakukataa alipoitwa kuwaokoa wanakijiji kutokana na mla watu.

Lakini kamera ilimletea tatizo ambalo bunduki haikuwa nalo. Bunduki hulia mara moja tu, kazi ikiwa imekwisha. Kamera ya sinema ya siku zile ilikuwa na mtambo uliovuma muda wote wa kupiga picha, na mnyama mwenye masikio makali kama chui milia aliusikia uvumi huo, akageuka na kutokomea. Mara nyingi Corbett alirudi nyumbani na picha za mkia unaotoweka majanini. Kumulika taa usiku kama Champion hakukumfaa, kwani alitaka kumpata mnyama akienda, mchana, katika mwanga wa jua.

Ufumbuzi alioupata mwishoni mwa miaka ya 1930 ulitokana na sikio. Alichagua bonde dogo lililo wazi, lenye kijito chembamba katikati na vichaka vinene pande zote mbili. Akakizuia kijito hicho kwa mawe mahali kadhaa, pakatokea maporomoko madogo yenye kimo cha inchi chache tu. Maji yakaanza kunong'ona mchana kutwa na usiku kucha, wanyama wakaizoea sauti hiyo kama sehemu ya msitu, na ndani ya sauti hiyo akauficha uvumi wa mtambo wake. Kisha akawatafuta chui milia saba waliokuwa wakiishi katika sehemu tatu mbalimbali, akaanza kuwavuta kidogo kidogo kuelekea bondeni kwake. Kuwanyemelea mchana hakukuwezekana. Alijongea usiku wa manane ukielekea alfajiri, umande wa baridi ukiwa umeyalowesha majani makavu yasitoe mlio chini ya nyayo, akalala palepale akisubiri mwanga.

Kazi hiyo ilimchukua miezi minne na nusu. Mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi majira hayo, na sehemu kubwa ya filamu ikaharibika kwa unyevu uliotanda kwenye lenzi. Hata hivyo alibakiwa na futi 600 hivi zenye picha za chui milia sita waliokomaa, madume manne na majike wawili, mmoja wao akiwa mweupe. Aliwapiga akiwa umbali wa futi kumi hadi sitini, na katika muda wote huo hakuna hata mmoja aliyejua kwamba palikuwa na mtu.

Ninawaomba walimu wa lugha wautafakari mfano huu. Tunadhani kwamba kupiga picha ni kazi ya jicho, na ya chombo kilicho mkononi. Corbett aliyapata yale aliyoyapata kwa sababu alikwisha kutumia miaka hamsini na zaidi akisikiliza. Milio ya mawindo ilimwambia mwindwaji wake yuko wapi. Umande ulimwambia ni saa ngapi ardhi itanyamaza. Maji yalimfundisha kwamba sauti moja yaweza kufichwa ndani ya nyingine. Kamera ilikuwa nukta tu mwishoni mwa sentensi ndefu.

Katika kipindi hichohicho, Novemba 1938, alikabiliwa na tukio lililomwonyesha upande wa pili wa elimu yake. Karibu na kijiji cha Thak, mpakani mwa Nepal, palikuwa na chui milia jike mla watu, aliyekuwa na majeraha ya zamani ya risasi. Corbett alimwinda kwa siku nyingi bila mafanikio. Ilitukia kwamba jike huyo alikuwa katika majira ya kutafuta dume, akiita milimani usiku na mchana. Siku yake ya mwisho ya kuwinda, jua likizama, Corbett aliketi juu ya mwamba akaiga sauti ya dume. Jike akajibu. Wakaitana na kujibizana hadi mnyama akafika mbele yake, naye akampiga risasi. Vijiji vikaokoka. Corbett alikuwa na umri wa miaka 63, na huyo akawa mla watu wake wa mwisho. Hata hivyo, mtu asomaye masimulizi yake ya tukio hilo hutambua huzuni iliyojificha chini ya ushindi. Aliizungumza lugha ya msitu kwa ufasaha hata mwenye lugha akamwamini, akafa kwa kumwamini. Kuijua lugha ya mwingine ni mamlaka makubwa, na historia ya makoloni imejaa watu waliojifunza lugha za wenyeji ili wawatawale vyema zaidi.

Corbett hakuishia kwenye bunduki na filamu. Alikwenda katika shule nyingi akawahutubia watoto juu ya wanyama na misitu, na mara kwa mara aliwaigia milio ya wanyama hao, hadi ya chui milia mwenyewe. Aliunga mkono juhudi zilizozaa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India mwaka wa 1936, ile iliyoitwa Hailey wakati huo, na ambayo miaka michache baada ya kifo chake ilipewa jina lake. Katika hifadhi hiyo ndiko Serikali ya India ilikozindua mradi wake mkuu wa kumwokoa chui milia mwaka wa 1973, na hesabu ya mwaka wa 2022 ilikadiria kwamba hifadhi hiyo na maeneo yanayoizunguka ina chui milia 260, idadi kubwa kuliko hifadhi nyingine yoyote nchini humo. Kitabu chake cha kwanza kilichomletea umaarufu, kile cha wala watu wa Kumaon, kilitolewa mwaka wa 1944, naye akayatoa mapato ya toleo la mwanzo kuwasaidia askari wa Kihindi waliopofushwa na vita.

Nakuja sasa kwenye sehemu iliyomchoma mwanafunzi wangu. India ilipopata uhuru mwaka wa 1947, Corbett na dada yake Maggie, ambao wote wawili hawakuwahi kuoa wala kuolewa, walihamia Kenya. Kule Kaladhungi aliwaachia wapangaji wake ardhi ya kijiji alichokijenga, nao wanamkumbuka kwa hilo hadi leo. Lakini hapa alifika katika nyanda ambazo ardhi yake ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi. Walikaa Nyeri, katika nyumba ndogo ya Paxtu, kwenye ua wa hoteli ya Outspan, nyumba ileile aliyoijenga na kufia Baden-Powell. Hapo Corbett aliandika vitabu vyake vingi, na hapo aliendelea kuwapiga wanyama picha za sinema.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952 alikuwa pamoja na Binti Mfalme Elizabeth katika nyumba ya Treetops iliyojengwa juu ya mti msituni Nyandarua. Binti huyo aliwapiga wanyama picha kwa kamera yake ya sinema hadi giza likaingia. Usiku huo babake alifariki kule Uingereza, naye akawa malkia kabla hajajua. Corbett aliyaandika hayo katika kijitabu chake cha mwisho. Mti ule ulikuwa mugumo, mti ambao Wakikuyu huuheshimu kama mahali pa sala. Miezi minane baadaye hali ya hatari ilitangazwa nchini. Msitu ukapigwa marufuku, ukalipuliwa kwa mabomu, na mwaka wa 1954 maelfu ya familia zikahamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Mwaka huohuo wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza Treetops. Corbett alifariki tarehe 19 Aprili 1955, vita vikiwa bado havijaisha.

Sitaki kumtetea pale asipotetewa. Mtu aliyewasikia wanyonge wa Kumaon na kuwaandikia kitabu cha upendo aliishi miaka yake ya mwisho upande wa wenye nyumba juu ya mti, na katika simulizi lake la usiku ule mashuhuri wenye nchi hawamo isipokuwa pembeni. Ukisimama juu ya jukwaa ukiwatazama wanyama kwa lenzi, ni rahisi kutowaona watu waliosukumwa nje ya fremu.

Walakini jibu langu halikomei hapo, na hili ndilo nililotaka yule binti alisikie. Katika miaka ileile, kilomita chache kutoka Paxtu, walikuwako wasomaji wengine wa lugha ya msitu. Wapiganaji waliojificha Nyandarua na Mlima Kenya walijifunza kutambua, kwa mlio wa ndege au kelele za tumbili, kwamba askari wanakaribia. Walijua kunyamaza kwa msitu kunaashiria nini. Walijua kukanyaga bila kuacha alama. Elimu iliyomsaidia Corbett kumpiga picha chui milia ndiyo iliyowasaidia babu zetu kubaki hai, wao wakiwa mawindo na wenye bunduki wakiwa wawindaji. Tofauti ni kwamba Corbett aliiandika elimu yake, akasomwa ulimwenguni kote. Ya babu zetu imeandikwa kidogo mno, nyingine imezikwa nao, na nyingine ingali hai katika vichwa vya wazee wachache ambao hatujaenda kuwauliza.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya wanitajie, katika lugha zao za mama, ndege watano na mlio wa kila mmoja. Wengi hukwama kwa wa pili. Wana simu zenye kamera ambazo Corbett asingeweza hata kuziota, wanaweza kupiga picha elfu moja kwa siku, lakini ndege akilia dirishani hawamjui jina wala hawajui analia kwa nini. Lugha haifi siku mzungumzaji wake wa mwisho anapozikwa. Huanza kufa siku maneno yake yanapokosa vitu vya kuvitaja, au vitu vinapokosa watu wa kuviita.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu, hasa mlio katika shule zilizo karibu na misitu na milima yetu, mwape wanafunzi zoezi moja lisilohitaji fedha. Waende kwa nyanya na babu zao na daftari, waulize majina ya wanyama na ndege, milio yao, na milio hiyo iliwaambia nini wazee wetu: mvua inakuja, nyoka yuko kichakani, chui amepita, adui yu njiani. Wayaandike kama walivyoyasikia, katika lugha waliyoyasikia, na waandike pia jina la aliyewaambia, kama Corbett alivyomwandika Kunwar Singh.

Nilirudi Nyeri baadaye na kundi jingine la wanafunzi. Yule binti, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja kuungana nasi akiwa na daftari lenye maneno aliyoyakusanya kwa nyanya yake, na kurasa nne zilikuwa za ndege peke yao. Hakulipiga picha kaburi la Corbett, nami sikumwomba afanye hivyo. Alisimama kidogo, akainua kichwa kuelekea mtini ambako ndege alikuwa akilia, akawaeleza wadogo zake ni ndege gani, anaitwaje kwao, na kwamba nyanya yake anaposikia mlio huo huanika nguo ndani.